Barua kwa Mbarouk: yule anayetangulia

Mkoani, Pemba
Jumapili, baada ya laasiri

Sahibu yangu Mbarouk,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Mama anakusalimia, na anauliza kama ile halua aliyokupelekea ilifika salama.

Juzi kwenye simu uliniuliza: nikipewa nafasi ya kuona tena shindano moja tu la Olimpiki, nichague lipi? Daladala lako likafika, ukakata kabla sijajibu. Jawabu langu halitoshi kwenye simu, kwa hiyo nimekaa kitako nikuandikie.

Wewe ulichagua mita 100 za Paris 2024, Noah Lyles na Kishane Thompson, wote wawili sekunde 9.79, mpaka wakatenganishwa kwa sehemu tano za elfu za sekunde. Nakubali, zilikuwa mbio tamu. Lakini saa yenyewe haikuisogelea 9.63 ya Usain Bolt ya London 2012, ambayo ndiyo rekodi ya Olimpiki. Na mimi, Mbarouk, moyo wangu haumo katika kupishana pua kwa pua. Moyo wangu uko kwa yule anayetangulia peke yake, mbele yake hakuna mtu, ana saa tu.

Unakumbuka Agosti 9, 2012? Ilikuwa Ramadhani. Tumetoka tarawehe, tukajibana barazani kwa marehemu mjomba, televisheni imegeuzwa dirishani ili walio nje waone. Saa nne ya usiku wakaingia wakimbiaji wa mita 800. David Rudisha, jirani yetu wa Kenya, akashika uongozi mapema na kuanza kutimua. Mzunguko wa kwanza sekunde 49.28! Mzee mmoja nyuma yetu akawa ananong'ona, "Atachoka huyu, atachoka." Wewe ulinishika mkono mpaka ukaniuma.

Hakuchoka. Dakika 1, sekunde 40.91. Kabla ya usiku ule hakuna binadamu aliyewahi kushuka chini ya dakika 1 na sekunde 41, na hadi leo ninapokuandikia hakuna mwengine. Ujue pia kwamba katika yale mashindano ya kualikwa ya Ulaya huwekwa mtu wa kuvuta kasi, akimbie mbele mzunguko wa kwanza kisha atoke. Kwenye Olimpiki hakuna mtu huyo. Rudisha alijivuta mwenyewe, akawavuta na wenzake saba. Kijana wa Botswana, Nijel Amos, mwenye miaka 18, alipata fedha kwa 1:41.73. Na wa mwisho kabisa, wa nane, alitumia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu Sydney, Athens na Beijing. Hili kila nikilifikiri nywele hunisimama. Mtu mmoja ametangulia, na karibu wote nyuma yake wamekuwa bora kuliko walivyokuwa asubuhi.

Baba usiku ule alisema neno moja tu: "Bayi." Sisi tulikuwa watoto, hatukuelewa. Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania, ndivyo alivyokimbia Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mita 1500 akatangulia tangu mwanzo, akamaliza kwa 3:32.16, rekodi ya dunia. John Walker aliyekuwa akimfukuza naye aliivunja rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili. Olimpiki ya Montreal 1976 Bayi hakukimbia, kwa sababu Tanzania ilisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika, baada ya timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza na makaburu. Mimi naona kususia kule kulikuwa haki, na bado naumia kwa ajili yake. Moscow 1980, kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akatangulia vilevile, akapitwa mzunguko wa mwisho na Malinowski wa Poland. Fedha ile, na ya Suleiman Nyambui ya mita 5000 mwaka huohuo, ndizo medali zetu za Olimpiki, hatuna nyengine.

Sasa nije kwenye kuogelea, maana ndiko unakonibishia. Ulisema wanaoogelea kwenye bwawa wamefanyiwa wepesi, maji yametulia, kamba zimefungwa, wangekuja Mkoani waone bahari. Nilikuwa na mawazo hayohayo mpaka mwezi uliopita.

Mpwa wangu Suleiman, umri wake miaka 14, unajua anavyoogelea. Nilitaka kujua kasi yake. Tukachukua kamba ya nyavu, tukaipima kwa futi ya fundi seremala, mita 50 kamili, tukaifunga baina ya vigingi viwili pale ng'ambo ya diko. Mara ya kwanza aliogelea sekunde 38. Nikaruka kwa furaha! Nikamwambia ageuze, arudi. Sekunde 61. Mtoto yuleyule, kamba ileile. Mkondo ulikuwa unamchukua kwanza, kisha ukamzuia. Basi mbio zake ni zipi? Hatukujua. Tukangoja siku ya maji mafu, bahari isipojaa wala kutoka kwa nguvu, tena saa ile imejaa na kusimama kabla haijaanza kutoka. Akapata 47 kwenda, na 47 kurudi.

Ndipo nilipomkumbuka Pan Zhanle, yule Mchina wa miaka 19. Julai 31, 2024, Paris, mita 100 mtindo huru kwa sekunde 46.40, rekodi ya dunia. Suleiman anapofika kigingi cha pili, Pan kashakwenda na kurudi. Na bwawa lile lilikuwa na kina cha mita 2.15 tu, watu wakilalamika kwamba mawimbi yanagonga chini na kumrudia muogeleaji. Wa pili, Kyle Chalmers wa Australia, alifika kwa 47.48. Zaidi ya sekunde nzima nyuma, katika mita 100! Kwa hiyo maji kutulia si kumpendelea mtu. Ni kumnyang'anya kisingizio. Hawezi kusema mkondo ulimrudisha.

Suleiman anaogelea kichwa juu, kama sote tulivyofunzwa, kwa kuwa baharini lazima uone unakokwenda, uone na chombo kinachokuja. Pan uso wake umo majini, anafuata mstari mweusi chini ya bwawa. Nimemwambia kijana ajaribu kuweka uso majini, lakini chumvi inamchoma macho.

Kwa hivyo nina ombi. Nitafutie huko Dar miwani ya kuogelea, ya mtoto mwenye uso mwembamba, na saa ya kupimia muda iliyo madhubuti, maana ya simu yangu inaganda vidole vikiwa na maji. Pesa nitakurejeshea kwa mkono wako. Mwezi ukifika siku ya saba au ya nane maji yatakuwa mafu tena. Ukiweza kupanda boti wiki hiyo, njoo ushike saa wewe. Kamba nimeiacha palepale kwenye vigingi.

Wasalaam,
Sahibu yako, Hamad