Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wenye Kisukari, Mbeya

Ndugu wanachama,

Za fedha atawasomea mweka hazina. Mimi nasema tu kwamba ada zinachelewa, na wanaozichelewesha wanajijua. Vikao vimefanyika, isipokuwa msimu wa mvua kubwa ambapo wenzetu wa Tukuyu na Kyela walikwama njiani.

Mada iliyotushika zaidi mwaka huu ni protini zinazokuza na kutunza mishipa ya fahamu, yaani neva, ambazo kisukari huziharibu. Ya kwanza kugunduliwa ni NGF (kifupi cha Kiingereza cha "kikuza neva"), iliyowapatia wanasayansi Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Wengi tulidhani hayo ni mambo ya ubongo tu. Kumbe hata mafuta ya mwilini huitengeneza! Protini ndugu yake, BDNF, iligunduliwa mwaka 1982 kwenye ubongo wa nguruwe, na kazi yake mojawapo ni kusaidia ubongo kutambua kwamba tumeshiba. Wapo watu wachache wanaozaliwa na nakala moja tu ya jeni yake badala ya mbili. Njaa yao haitulii, na hunenepa tangu utotoni. Kwa hiyo anayemwita mwenzake mlafi kwa sababu ya kitambi, na apunguze ukali.

Sasa kuna wanaotuuzia "dawa ya kuotesha neva" stendi na sokoni, eti inaondoa ganzi miguuni na tumbo kwa mkupuo. Wanachama, NGF yenyewe, ile halisi, ilijaribiwa kwa sindano kwa wagonjwa wa kisukari wenye ganzi. Majaribio ya mwanzo yalitia moyo, lile kubwa likashindwa. Protini nyingine ya jamii hiyo, CNTF, ilijaribiwa kwa wenye ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, wakapungua uzito. Ikageuzwa dawa ya unene, lakini miili ya wengi ikajenga kinga dhidi yake, ikaachwa. Kama maabara kubwa zimekwama hapo, ya kwenye chupa isiyo na lebo imepita njia gani?

Kamati inapendekeza fedha za mafunzo zinunue nyuzi za nailoni za kupimia hisia za nyayo, zile zinazopinda zikigandamizwa kwa nguvu ya gramu 10, na matembezi ya Jumamosi yaendelee. Mazoezi hupandisha BDNF kwenye damu, ingawa sidai hiyo ndiyo inayopunguza tumbo. Sukari kushuka kunatosha.

Na chai ya mkutano ujao haitakuwa na sukari wala maandazi. Malalamiko yapelekwe kwa katibu.

Naomba kuwasilisha.