Mama Pacha, uje na begi lako

Likoni, Mombasa
Jumapili, 18 Januari 2026

Shoga yangu Mama Pacha,

Salamu nyingi kutoka ng'ambo hii. Sisi wazima alhamdulillahi, ila kaskazi imekuja na joto lake mpaka usiku mtu alala sakafuni. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka tu, maana pacha walikuwa wakigombana nyuma yako na wewe huku wajitia husikii. Mara ya pili ndipo nikalisikia swali. Wataka laptopu ya kazi za shule, umeonyeshwa tatu, ndogo, ya kati na kubwa, na muuzaji akakwambia uchukue ile kubwa kwa kuwa bei zao zakaribiana na kioo chake ni kipana. Nikaona nikikujibu kwa sauti nitasema nusu nisahau nusu. Acha niandike.

Mimi mwenyewe niliingia kwa mlango huohuo. Laptopu yangu ya kwanza ilikuwa ya inchi 15.6, nyeusi, pana kama sinia ya pilau, na siku ile nilijiona nimepata. Nilikuwa ndio kwanza naanza kushika hesabu za maduka matatu kisiwani, moja Marikiti na mawili upande wa Digo Road, na akilini mwangu kazi ya hesabu ni kioo kikubwa. Njia sikuifikiria.

Wewe wa Malindi kivuko chetu wakijua kwa kupita, mimi nimo humo asubuhi na jioni. Saa kumi na mbili unusu mlango ukifunguliwa watu huteremka kama maji ya mvua, hakuna amngojaye mwenziwe. Ile mashine haikuingia kwenye begi langu la mgongoni, nikanunua mkoba wake wa kutundika bega moja. Ndani yake laptopu ya kilo mbili na kitu, chaja nzito kama tofali, chupa ya maji na kibakuli cha chakula. Asubuhi moja mkanda ukakatika katikati ya mteremko. Niliinama kuuokota mkoba huku nyuma wanasukuma, mpaka mzee mmoja akasimama akatanua mikono kama azuiaye mbuzi, ndipo nikaupata. Kufungua: pembe imepasuka, bawaba ya kushoto imeng'oka. Toka siku hiyo kifuniko hakikusimama chenyewe, lazima nikiegemeze kwenye birika la chai. Mwaka mzima, Mama Pacha, nimepiga hesabu za watu na birika nyuma ya kioo.

Na ule upana haukunifaa kitu. Hili ndilo wauzaji hawalisemi. Inchi hupimwa pembe kwa pembe ya kioo, basi. Hazikwambii kioo kinaonyesha mambo mangapi. Kinachoamua hilo ni nukta zake. Changu kilikuwa na nukta 1366 kwa 768, na laptopu za inchi 12 na 14 za aina hiyo zilikuwa na nukta hizohizo. Kwa hivyo jedwali langu la Excel lilinionyesha safu zilezile ambazo ningeziona kwenye kioo kidogo, ila zimenenepa. Hii niliyonayo sasa ni ya inchi 14 lakini ina nukta 1920 kwa 1080, karibu mara mbili ya zile, na tarehe, risiti na jumla naviona vyote pamoja bila kusukuma karatasi kulia na kushoto. Ukifika dukani, ulizia hizo nukta kabla ya inchi. Kisha sogea ubavuni ukitazame kioo kwa pembeni. Picha ikigeuka rangi ikawa kama ya eksirei, kiache hapohapo, macho yako ya miwani hayakiwezi.

Sasa sikiza nilivyoruka majivu nikakanyaga moto. Nilipoiuza ile sinia nilisema safari hii nataka kijidaftari. Nikapata ya inchi 12.5, nyembamba, nyepesi, yaingia hata kwenye pochi ya harusi. Ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4. Nikamuuliza kijana wa duka, hii itaongezwa? Akajibu bila kupepesa jicho, "Itaongezwa dada, mpaka 16." Baada ya miezi miwili mashine ilikuwa ikifungua kurasa tatu za intaneti pamoja na Excel inakwama kama tuktuk mchangani. Nikaipeleka kwa fundi. Akaigeuza kifudifudi, akatoa skrubu moja moja akizipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio uleule zilivyotoka, akainua kifuniko kwa kadi ya plastiki. Kisha akaniita nione. Kwa ncha ya bisibisi akanigusia vijipande vyeusi vimelala juu ya bodi kama mabuyu kwenye sinia. "Hizi ndizo RAM zako, mama. Zimechomelewa kiwandani. Hapa hapana pa kuongeza." Akaanza kurudisha skrubu zake. Sikumdai hata neno, na yeye hakunidai hata shilingi, nadhani aliona uso wangu.

Basi rai yangu ni hii. Kioo hakirefuki wala hakifupiki baada ya kununua, na RAM iliyochomelewa haiongezeki. Hayo mawili ndiyo ya kuyalipia siku ya kwanza. Mengine yaache yangoje mshahara.

Kwa kazi zako mimi nasema inchi 14. Wewe huchapa mitihani, huingiza alama, huonyesha watoto video, halafu wabeba kila kitu kutoka nyumbani hadi shuleni kwa bodaboda na pacha mmoja amekukalia mbele. Ile ya inchi 12 vidole vitasongamana ukichapa karatasi ya kurasa nane, na ile ya 15.6 utaichoka kabla ya muhula kwisha. Ukitaka kioo kikubwa nyumbani unacho tayari ukutani, kile ambacho pacha hutazamia katuni. Waya wa HDMI tu, ukachomeka, ukafanya kazi yako wakishalala.

Kubwa nayo ina mwenyewe, sitaki nionekane naichukia. Shemeji yangu ana ya 15.6, iko juu ya meza ya duka lake toka aliponunua, haijawahi kuona feri. Na zile namba za kulia kwenye kibodi, ambazo hizi za inchi 14 kwa kawaida hazina, yeye huzipiga bila kutazama. Mimi hizo ndizo nilizozikosa. Nikanunua kijikibodi cha namba cha USB, nakiacha kulekule dukani kwa mteja.

Sasa hili la kuongeza vitu baadaye. Hapo ndipo lazima uwe mkali, kwa sababu mashine mbili zaweza kufanana kama pacha wako na ndani zikawa mbali. Chukua ThinkPad za mtumba, laptopu za Lenovo, maana hizo ndizo utakazoonyeshwa sana. T480 ni ya inchi 14, ina sloti mbili, yaani nafasi mbili za RAM, zote za kuchomoa na kuchomeka, na ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma unaitoa kwa mkono. Ongeza herufi moja tu, T480s, sehemu ya RAM yake imechomelewa na sloti imebaki moja. X280 yote imechomelewa. Upande wa HP, EliteBook 840 G5 nayo ni ya inchi 14 na ina sloti mbili. Kwa hivyo usisome jina tu, soma mpaka herufi ya mwisho kwenye kibandiko cha chini. Kisha iwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda panapoonyesha mwendo wa mashine (Performance), gusa kumbukumbu (Memory). Pale pameandikwa sloti ngapi zimetumika kati ya ngapi. Ukiona moja kati ya mbili, furahi moyoni usimwonyeshe muuzaji.

Umesema muuzaji mwingine ana ya Core i7, huo ndio ubongo wa mashine, kwa bei nzuri. Itazame namba inayofuata hiyo i7. Core i7-7500U ina viini viwili, na Core i5-8250U iliyokuja nyuma yake ina vinne. Huo u-saba wa mbele ni jina tu. Tena kuna jambo la Windows. Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel yaanzia karibu yote kwenye kizazi cha nane, kama hiyo 8250U ianzayo na 8. Nadhani ndiyo maana hizo za kizazi cha sita na cha saba zimerahisika hivi. Yaani i7 hiyo ya bei nzuri atakuuzia na kesho utaniuliza mbona inakwambia haiwezi. Kama mtu ataka Linux ni sawa, zaenda vizuri sana, lakini wewe na fomu za shule za Word sitaki kukutia kwenye mambo.

Diski ndiyo isiwe na mjadala. Iwe SSD. Kabla sijaiuza ile sinia yangu fundi aliniwekea, na nilijuta kutofanya hivyo mapema. Zamani nilikuwa naiwasha, nakwenda kubandika chai, narudi bado yazunguka. Baada ya SSD sikuwahi hata kuvuta kiti vizuri. Alinieleza kwa diski kuukuu aliyoifungua akaiweka mezani: ndani mna sahani inayozunguka na mkono mwembamba unaorukaruka juu yake kutafuta faili, huku faili moja imesambaa sehemu ishirini. SSD haina kinachozunguka, yote ni chip. Kwa hivyo hata mtikiso wa bodaboda haina habari nao. GB 256 zakutosha, na video weka nje kwenye flashi. Kama mashine nzuri ina diski ya zamani, usiikatae, ila toa bei ya SSD kwenye bei yake.

RAM, anza na GB 8. Miaka yote ningekwambia 16 utaongeza ukitulia, ni kazi ya dakika kumi. Lakini toka mwishoni mwa mwaka jana bei za RAM zimepanda dunia nzima, viwanda vinakimbilia kutengeneza za mashine za akili bandia na sisi wanunuzi wa kipande kimoja kimoja tumesahaulika. Kwa hivyo nimegeuza maneno kidogo. Ukikuta mashine ileile yenye 16 tayari na tofauti ya bei ni ndogo kuliko kipande kipya, lipa sasa. Tofauti ikiwa kubwa, chukua ya 8 yenye sloti tupu na ukae nayo. Kwa alama za wanafunzi arobaini na WhatsApp ya wazazi, 8 haitakuaibisha. Na mtu asikupe kipande cha DDR3, RAM ya aina ya zamani, kwa sloti ya DDR4, pengo lake halilingani, hakiingii hata ukisukuma. Nimeona mtu akisukuma.

Betri ndiyo huficha mengi kwenye hizi za mtumba. Fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ukurasa. Humo mna mistari miwili iliyo jirani, mmoja uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, wa pili uwezo ilionao sasa. Yangu ilikuwa imebakisha zaidi kidogo ya nusu. Nikamwonyesha muuzaji, akanipunguzia pesa bila kelele. Umeme wa kwenu ukikatika mchana kutwa, huo mstari wa pili ndio utakaokuambia kama utamaliza kuchapa au la.

Halafu hewa yetu, wajua. Chumvi hii hula mpaka vitasa vya mlango. Usiiweke dirishani upande wa bahari, na mara moja kwa mwaka ifunguliwe feni itolewe vumbi. Mimi niliacha miaka miwili, likatoka donge kama pamba ya mto.

Basi usilipe kitu huko. Jumamosi ijayo pacha waache kwa nyanya yao, panda matatu ya alfajiri, saa tatu nitakuwa Buxton, huku Mombasa, nakungoja, twende madukani kabla jua halijawa kali. Kununua tununue sasa, Mfungo ukiingia sitaki kuzunguka na kiu. Uje na flashi yenye mtihani wako mmoja mrefu na video moja ya somo, tuzifungue zote kwenye kila mashine tutakayoonyeshwa. Na uje na lile begi lako la shule, madaftari yakiwamo ndani kama unavyolibeba siku zote. Laptopu isiyoingia humo tutairudisha mezani tuulize nyingine. Tukimaliza, viazi karai ni juu yangu.

Nisalimie Baba Pacha.

Ni mimi shogako,
wa Likoni