Kitabu chako sikukitupa

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Nipo Abilene, Texas, nasubiri kupakuliwa mzigo. Ghala hili limeniweka tangu alfajiri na sasa adhuhuri imepita, kwa hiyo nina nafasi ya kukiri jambo. Kile kitabu chako cha katuni sikukitupa. Nilisema nimekitupa kwa kuwa nilishapaza sauti, na baba akishapaza sauti mbele ya watoto, kurudi nyuma ni kazi. Nilikisokomeza chini ya kiti cha lori. Kimetembea majimbo sita.

Siku ile nilipokitoa kwenye begi lako hakikuwa na jalada, kurasa zimeiva rangi ya chai ya maziwa, kikafunguka chenyewe penye buibui mkubwa kama ng'ombe na kijana kifua wazi. Nikasema uchawi hauingii nyumbani kwangu. Ukajibu kwa sauti ndogo kwamba umekinunua dola sita, pesa yako mwenyewe, kwa jirani aliyekuwa akiuza vitu vya zamani uani. Nilikusikia. Nilijifanya sikusikia.

Jana usiku usingizi ulikataa, nikakisoma. Kisha nikavaa miwani nikakisoma tena.

Mimi mtu wa karatasi za mzigo, huanza na maandishi madogo. Chini ya ukurasa wa kwanza: Conan the Barbarian, namba 4, Aprili 1971, senti 15. Kumbe kinanizidi umri! Nikaingia kwenye simu kutafuta. Toleo la kwanza kampuni ya Marvel, wachapishaji wake, walilitia tarehe ya Oktoba 1970. Mwandishi, Roy Thomas, alikuwa ameahidi dola 200 kwa kila toleo ili wakubaliwe kumtumia huyo Conan, shujaa aliyezuliwa zamani na mwandishi mwingine, zaidi ya alizoruhusiwa na mabosi, ikabidi wabane kwa mchoraji. Badala ya John Buscema, aliyekuwa ghali, kazi akapewa Barry Smith, kijana wa Kiingereza ambaye hata miaka 22 hajafika. Ubahili nao mara mojamoja huzaa kitu. Buscema alikuja kuichukua kazi toleo la 25, mwaka 1973, na ukiwauliza wapenzi wa mambo haya nani zaidi, hawamalizi. Mimi nipo kwa kijana. Ukiusogeza ukurasa hadi puani, rangi zote ni nukta, nyekundu na samawati na njano, kama mtama ulioanikwa. Ukiurudisha mbali zinakuwa ngozi, moshi, usiku. Na ile minara na vito alivyochora! Ni kama kofia ya viua iliyoshonwa na fundi asiyedaiwa na mtu.

Sasa kisa chenyewe. Conan bado kijana, mwizi, yupo mji wa wezi, anasikia kuna kito kiitwacho Moyo wa Tembo ndani ya mnara wa mchawi Yara. Anaparamia ukuta. Bustanini anakutana na mwizi mzoefu, Taurus, mnene, hodari. Wanapita simba, wanapanda mnara kwa kamba. Taurus anatangulia chumbani na buibui anammaliza. Mpaka hapo nilikuwa nafungua kurasa haraka, nikingoja nione ubaya niliokushitakia.

Halafu Conan anafungua mlango mwingine. Ndani kuna kiumbe mwenye mwili wa mtu na kichwa cha tembo, macho yamepofushwa, viungo vimevunjwavunjwa kwa mateso. Conan anadhani ni sanamu, mpaka linaponyanyuka. Kipofu yule ananyoosha mkonga na kumpapasa usoni, polepole, amjue ni nani. Anaeleza kwamba ametoka nyota ya mbali na wenziwe, wote wamekufa, kabaki yeye tu kwenye nchi isiyo yake. Yara alifundishwa uchawi na kiumbe huyuhuyu, na shukrani yake ndiyo hii. Upanga wa Conan umeshuka. Yule jambazi aliyekuja kuiba anaona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyetesa.

Hapo nilikifunga kidogo, mwanangu. Nje malori yalikuwa yananguruma tu.

Unajua yaliyobaki: moyo wa kiumbe yule unatolewa, kito kinalowa damu, Yara ananywea mpaka anamezwa na kito kilekile, mnara unaporomoka, na mwizi anaondoka mikono mitupu. Kitabu cha watoto kinachomnyima shujaa wake hata kipande cha dhahabu! Bibi yako kule Tanga alitusimulia nunda mla watu, paka aliyedekezwa akala kuku, akala mbuzi, mwisho akala watu, mpaka mtoto wa sultani akaingia porini kumsaka, na kila mnyama anayemuua anamburura nyumbani akidhani ndiye. Hakuna aliyemnyamazisha bibi kwa hofu kwamba nitaharibika. Nilipaswa kulikumbuka hilo kabla sijafungua mdomo.

Hata hivyo, matoleo mengine niliyoyaona kwenye simu, wanawake wake wamevalishwa vitambaa viwili kwenye baridi na theluji. Hilo tutalizungumza, mama yako akiwepo.

Jambo la mwisho. Aliyemzua Conan ni Robert E. Howard, na kisa hiki alikichapisha kwenye jarida Machi 1933. Alikufa 1936 akiwa na miaka 30, hivyo katuni hizi hakuziona hata moja. Aliishi kwa wazazi wake Cross Plains, mji mdogo, kama saa moja kutoka hapa niliposimama, na chumba chake kilikuwa baraza iliyozibwa. Nyumba ipo, ni makumbusho siku hizi. Nikishapakuliwa nitashika barabara ya 36, inapita pale pale. Tela la futi 53 huwezi kuliegesha mbele ya nyumba ya watu, lakini nitapunguza mwendo, na mkibaki na hamu tutakwenda wote kwa gari dogo wakati wa likizo.

Kitabu nimekitia kwenye mfuko wa nailoni. Doa la kahawa karibu na simba ni langu, samahani.

Wameniita, mlango namba 14.

Baba yako