Maranda ya Mafinga yasichomwe bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniumiza kila nipitapo Mafinga. Kando ya viwanda vinavyopasua misindano ya shamba la miti la Sao Hill, vilima vya maranda na mabanzi huchomwa moto, na moshi wake hutanda hadi kwenye makazi ya watu.

Maranda hayo ni nishati. Yakikaushwa hadi unyevu ubaki takriban asilimia 10, kisha yakashindiliwa kwa nguvu na joto, lignini, yaani kitu cha asili kinachoshikilia nyuzi za mti, hulainika na kuyashikamanisha bila gundi, yakawa kuni ngumu zinazofaa kwa majiko ya shule na hata kwa kukaushia chai hapa hapa Mufindi. Yakipashwa joto la nyuzi 500 hivi pasipo hewa, hutoa pia mafuta ya kuchoma. Lakini hilo lahitaji mtaji mkubwa, nami nashauri tuanze na kuni.

Naiomba halmashauri iwawezeshe vijana, kupitia mikopo yake itokanayo na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, kununua mashine za kushindilia, na wenye viwanda wawaachie maranda badala ya kuyatia kiberiti.

Msomaji wako,
Mufindi, Iringa