Barua kwa Rukia kuhusu Waneandathali

Kilifi,
3 Agosti 2025

Mpendwa rafiki yangu Rukia,

Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba nyumbani nyote hamjambo. Sisi huku tu wazima. Ninakujibu mapema kwa sababu ya sentensi yako moja, pale ulipoandika kwamba Waneandathali, wale binadamu wa kale wa Ulaya na Asia, walitoweka, miaka 40,000 hivi iliyopita, kwa kuwa wazee wetu waliwazidi akili, jambo uliloliita "ushindi".

Hapo siafikiani nawe. Ubongo wao ulikuwa mkubwa kama wetu, waliwinda wanyama wakubwa, na katika pango la Shanidar nchini Iraki yalipatikana mabaki ya mwanamume aliyelemaa mkono, ambaye kwa majeraha yale asingeishi miaka mingi kama wenzake wasingemtunza. Hata kuzika maiti hakututofautishi nao. Ni kweli kwamba hapa kwetu, katika pango la Panga ya Saidi, alizikwa mtoto wa miaka isiyozidi mitatu yapata miaka 78,000 iliyopita, amekunjwa magoti kifuani kana kwamba amelazwa tu (wachimbuaji nao wakamwita Mtoto, jina ambalo kila nikilisikia hunitia simanzi). Lakini Waneandathali pia walizika wafu wao.

Ninachokiamini mimi ni kwamba waliponzwa na uchache na upweke. Katika pango la Denisova, kule Siberia, vinasaba vya mwanamke mmoja wa Kineandathali vilionyesha kwamba wazazi wake walikuwa na undugu wa karibu mno, kiasi cha watoto waliochangia mzazi mmoja. Tena mwaka 2024 wataalamu walieleza habari za Thorin, aliyefukuliwa katika pango la Mandrin nchini Ufaransa: ukoo wake ulikaa takriban miaka 50,000 bila kuchanganya damu na Waneandathali wengine, ingawa Ulaya hiyohiyo walikuwako. Hebu fikiria, Rukia, miaka yote hiyo bila kuoza wala kuoa kwa jirani! Kwa jamii ndogo ya namna hiyo, si lazima aje adui. Misimu michache ya baridi kali na uhaba wa watoto wa kike vyaweza kuimaliza.

Wazee wetu, kwa upande wao, walikuwa na wenzao wa mbali. Huko Olorgesailie, papa hapa Kenya, miaka ipatayo 300,000 iliyopita, watu walitumia mawe meusi ya volkeno yenye ukali wa kioo, yaliyotoka umbali wa makumi ya kilomita, na shanga za maganda ya mayai ya mbuni za miaka 50,000 iliyopita zinafanana Afrika Mashariki na ya Kusini. Mwenye mkwe nchi ya mbali ana pa kukimbilia njaa inapoingia.

Hata hivyo, neno lako "ushindi" silikubali. Watu wa aina yetu walifika kwenye mapango ya Skhul na Qafzeh, katika Israeli ya leo, zaidi ya miaka 90,000 iliyopita, lakini baadaye Waneandathali ndio waliokuwa wakiishi maeneo hayo. Wale wa Ranis, Ujerumani, wa miaka 45,000 hivi iliyopita, walikuwa watu kama sisi, nao hawakuacha kizazi kilicho hai leo. Kumbe Waneandathali, ambao tunasema wametoweka, wamebaki katika asilimia moja hadi mbili ya vinasaba vya watu wenye asili ya nje ya Afrika.

Ukija Desemba nitakupeleka Panga ya Saidi, nawe uniletee hoja zako.

Wako akupendaye,
Mwanaisha