Risiti mbili, namba moja

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa safu yenu ya kompyuta. Wiki iliyopita aliwafundisha vijana kwamba katika Python, lugha ya kuandikia programu, unaweza kuibandika hesabu kwenye fankisheni yenyewe, yaani kipande cha programu chenye jina kinachofanya kazi kila kikiitwa: kwa fankisheni iitwayo toa_risiti unaandika toa_risiti.namba = 0, kisha kila ikiitwa unaongeza moja. Hakukosea. Tangu toleo la 2.1 la mwaka 2001, kwa pendekezo la Barry Warsaw, mmoja wa watengenezaji wa Python, fankisheni hupachikwa sifa yoyote uitakayo, yaani jina lenye thamani yake kama hiyo namba. Kabla ya hapo watu walichomeka mambo yao kwenye maelezo ya fankisheni, mahali pasipo pake.

Ila aliloliacha ndilo lililonitia aibu mimi. Nilimtengenezea mama mmoja wa hapa Morogoro, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, programu ya kutoa risiti, na namba nikaihifadhi hivyohivyo. Kwenye kompyuta yangu ilikwenda kama maji. Nilipoipeleka kwenye seva, kompyuta inayohudumia duka, niliwasha nakala nne za programu kwa pamoja ili isisuesue, na kila nakala ikawa na fankisheni yake na hesabu yake. Siku ya pili mama akanipigia: “Fundi, njoo uone.” Mezani risiti mbili, moja ya mifuko kumi ya saruji, nyingine ya kilo mbili za misumari. Zote namba 9. Bado nakuna kichwa, umeme ukakatika. Seva ilipowaka, hesabu ikaanza tena na 1, kana kwamba duka limefunguliwa asubuhi ile.

Usiku huohuo nilihamishia namba kwenye hifadhidata, ghala moja la taarifa ambalo nakala zote husoma na ambalo halifutiki umeme ukikatika. Mistari sita tu, na ningeiandika tangu mwanzo nisingepoteza wikiendi nikioanisha risiti na daftari la mkono.

Sisemi mbinu itupwe. Mimi mwenyewe huitumia ninaposaka kosa, nijue fankisheni imeitwa mara ngapi. Hata lru_cache, zana iliyomo ndani ya Python ya kuifanya fankisheni ikumbuke majibu yake, hukurudishia fankisheni yenye cache_clear pembeni yake, ukitaka kufuta kilichokumbukwa. Hicho kikipotea hukokotolewa upya, hakuna anayedai. Namba ya risiti inadaiwa.

Basi namwomba mwandishi, safari ijayo awaambie vijana wawashe nakala mbili za programu ileile, waitishe risiti kumi, wazitazame namba kabla hawajaifikisha dukani kwa mtu.

Fundi wa programu,
Kihonda, Morogoro