Unyago tunauandaa wenyewe, shule je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na wazazi wenzangu wa huku Kusini, na walimu wetu wanisikie. Mimi ni mkulima wa korosho katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Newala, mkoani Mtwara. Nalea wajukuu wawili ambao mama yao yuko Dar es Salaam akitafuta riziki. Mkubwa, wa kiume, yuko darasa la tano. Mdogo wake wa kike ameanza la kwanza mwaka huu.

Mwaka jana mwezi Septemba mama yao alituma ujumbe wa simu. Macho yangu hayaoni tena maandishi madogo, na miwani ilikuwa imevunjika, nikampa yule mkubwa anisomee. Aliikodolea simu macho kitambo, kisha akasema, "Bibi, mama anatusalimia." Nikamwuliza, na nini tena? Akasema, "Anatusalimia tu." Jioni nikamwomba kijana wa jirani aisome. Ujumbe ulisema mama yao alilazwa siku tatu, ametoka, anaendelea vizuri, na hela ya madaftari kaituma kwa mjomba. Salamu hazikuwamo.

Mtoto yuko darasa la nne, upimaji wa kitaifa uko mlangoni, hajui kusoma, na mimi ninayekula naye sahani moja sikuwa najua. Usiku ule sikupata usingizi.

Asubuhi nikaenda shule. Nilikwenda na hasira, nakiri. Mwalimu wake, binti mdogo kuliko mwanangu, alinisikiliza mpaka nikamaliza, ndipo akafungua daftari la mahudhurio. Darasa lake lilikuwa na watoto 94. Akanionyesha jina la mjukuu wangu kwa kidole: mwaka wa nyuma yake, kuanzia Oktoba mpaka shule kufungwa Desemba, alihudhuria siku 11. Nikanyamaza. Siku zile zote alikuwa na mimi shambani, akiokota korosho, akizitenga na mabibo, akinisaidia kuanika. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia, "Leo baki, kesho tunapeleka ghalani." Nilimwambia hivyo siku moja, nikamwambia na nyingine, sikuhesabu. Mwalimu alihesabu.

Njiani kurudi nikawa nakumbuka mtoto yuleyule alipoingia jandoni. Wasomaji wa mikoa mingine huenda wasijue uzito wa jambo hili kwetu. Mtoto akifikia wakati wa jando au unyago, ukoo mzima unakaa kikao. Mjomba ndiye mwenye neno, kwa kuwa sisi Wamakonde, kama walivyo Wamakua, Wayao na Wamwera, tunahesabu ukoo kwa upande wa mama. Siku inapangwa miezi mingi kabla. Mahindi yanajulikana yanatoka kwa nani, kuku kwa nani, mbaazi kwa nani, na nani atapika. Kila mtoto anakabidhiwa kwa mtu mzima ambaye kazi yake ni kumwangalia yeye: amekula nini, anaumwa wapi, fundisho gani ameshika na lipi limemshinda. Lililomshinda linarudiwa mpaka ashike. Siku ya kutoka, kijiji kizima kiko uwanjani, ngoma zinalia, na ndugu walioko Dar wanapanda basi kuja kushuhudia. Hakuna mtendaji aliyepita nyumba kwa nyumba na barua. Hakuna anayesema tusubiri serikali ilete.

Siku hizi tunafanya wakati wa likizo, na hilo ni jema. Lakini likizo ikiisha, mtoto yule aliyekuwa na mlezi wake, mjomba wake na kijiji chake, anarudi darasani peke yake. Wiki chache za jando tunamfuata hatua kwa hatua. Miaka yote ya shule ya msingi hatujui kama anaweza kusoma jina lake.

Haikuwa hivi nilipokuwa mdogo. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1976, miaka miwili baada ya Azimio la Musoma lililotaka kila mtoto aende shule. Darasa letu la kwanza lilijengwa na wazazi wetu. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde hakuna mto, na wakati ule bomba halikufika kwetu, kwa hiyo mama zetu walishuka bondeni na kupanda na mitungi kichwani ili baba zetu wapate maji ya kufyatulia matofali. Mama yangu mpaka anafariki alikuwa akipita pale anaweza kukuonyesha ukuta ambao maji yake aliyabeba yeye. Mwaka 2002, ada ilipokuwa imefutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza, hela za kujengea madarasa zilipitia kamati za shule. Nilikuwa mjumbe wa kamati yetu. Tulihesabu kila mfuko wa saruji, na fundi aliyetaka kuzidisha mchanga tulimsimamisha kazi palepale. Hatukuwa na elimu kubwa, lakini ilikuwa shule yetu.

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 nilishangilia, na bado naishukuru. Wapo watoto wengi kijijini kwangu ambao bila hiyo wasingeliona darasa. Ila neno lile "bila malipo" tulilipokea kana kwamba shule si yetu tena. Waraka wa Elimu namba 3 wa mwaka huohuo unasema wazi kuwa sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto wa kutwa ni juu ya mzazi. Ni wangapi kati yetu tuliosomewa? Mwalimu mkuu alitufafanulia kikaoni kwamba ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na kwamba 4,000 kati ya hizo ni za vitabu, zinazofika shuleni ni 6,000. Nilipiga hesabu nyuma ya kadi yangu ya kliniki. Shule yenye watoto 500 inapata milioni tatu kwa mwaka, yaani 250,000 kwa mwezi, za chaki, karatasi za mitihani, bawaba za milango, mipira, na kila kitu. Mzee aliyekaa pembeni yangu aliniomba nirudie hesabu ile mara mbili. Alikuwa akiamini shule ina hela nyingi na walimu wanaficha.

Nina neno kwa walimu pia, na nalisema kwa heshima. Mnatuita kikao kwa barua mnayompa mtoto, na baadhi ya watoto hao hawawezi kuisoma. Kikao kinakuwa Jumanne saa nne asubuhi, mwezi Novemba, wakati korosho ziko chini ya miti. Cha mwisho nilichohudhuria tulikuwa wazazi 23, na 19 kati yetu wanawake. Mjomba hata mmoja hakuwapo, na huku kwetu kumwacha mjomba ni kumwacha mwenye neno. Mazungumzo yakawa madawati, choo, mlinzi, kisha tukaruhusiwa kuondoka. Katika vikao vyote nilivyokaa tangu nitoke kwenye kamati, sikumbuki siku tuliyoambiwa kwamba darasa la tatu lina watoto kadhaa, wanaosoma ni hawa, wasiosoma ni hawa, tufanyeje. Tukielezwa tu kilichopungua, tutajua kuchanga au kukimbia. Tuonyesheni watoto wetu.

Yule mwalimu binti hakunilaumu. Aliniambia nimsikilize mtoto akisoma robo saa kila jioni. Nikamwambia nyumbani kwangu hakuna kitabu. Akauliza, "Bibi, nyumbani kwako kuna maandishi gani?" Nilikaa nikifikiri. Kuna kalenda. Kuna mfuko wa salfa ya kupulizia mikorosho. Kuna stakabadhi za korosho ndani ya mkebe. Na kuna kanga zangu.

Tukaanza na kanga. Herufi za kanga ni kubwa, hata macho yangu yanaziona, kwa hiyo akikosea najua. Nilikuwa nazo nane. Alipozimaliza akaanza kuwasimamisha wanawake njiani asome waliyojifunga, na wao wakawa wanasimama kumngojea amalize. Kisha tukaingia kwenye stakabadhi: tarehe, kilo, daraja, makato. Msimu ulipofunguka alikuwa anakaa barazani na wazee, anawasomea makato moja baada ya jingine, pole pole, na mtu mzima mwenye miaka 70 anakuwa ameinama kumsikiliza. Jirani mmoja alinishika mkono akaniambia ameuza korosho miaka mingi na siku ile ndiyo ya kwanza kuelewa alikatwa nini. Upimaji wa darasa la nne hakuufanya vizuri, muda ulikuwa mfupi. Lakini leo anasoma.

Wenzake wakaanza kuja. Sasa kila Jumamosi jioni kwenye baraza yangu wanakaa watoto 14, na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne anakuja kunisaidia. Kaya sita tulikubaliana kwamba mtoto hataingia shambani kabla shule haijatoka. Wengine walituambia wezi watamaliza korosho zetu. Watu wazima tukapeana zamu za kulinda, leo mimi, kesho wewe, kama tunavyopeana zamu za kukesha unyagoni. Hatukupoteza kitu cha kutaja.

Sasa kuna suala la chakula, na hapa ndipo naomba wenzangu wanisikilize zaidi. Watoto wetu wanatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, wengi na maji tu tumboni, na wengine wamebeba dumu la lita tano la maji ya shule juu. Wanarudi saa tisa. Ukitaka kujua njaa inafanya nini, tazama daftari la mahudhurio la Februari, wakati mahindi mapya hayajakomaa. Na mwezi huohuo wa Februari ndipo shule inatuomba mchango wa uji! Mwezi huo mkulima wa korosho hana kitu. Hela yetu inakuja mara moja kwa mwaka, kuanzia Oktoba minada inapoanza.

Pendekezo langu ni kwamba mchango wa uji wa mwaka mzima tuutoe ghalani tunakopeleka korosho, wakati wa msimu, kwa kilo za korosho. Kilo tatu kwa kila mtoto. Msimu wa 2024/25 ulipofunguliwa bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, kwa hiyo kilo tatu ni kama 12,000. Kwa bei ile mzazi mwenye watoto watatu anatoa kilo tisa. Mtu aliyepeleka magunia matano hazioni. Bei ikishuka, mkutano ukae upya. Asiye na mikorosho alete mbaazi, au kuni, au ajiandikishe siku za kupika. Mahindi yanunuliwe mapema yakiwa bado rahisi, yahifadhiwe hapahapa kijijini. Jambo lenyewe liamuliwe na mkutano mkuu wa kijiji, lisimamiwe na watu tutakaowachagua, na walimu wasiguse hela hata shilingi, ili asije mtu akamsingizia mwalimu. Hesabu ibandikwe ukutani ghalani, kila wiki, mahali ambapo kila mkulima anapita. Na mtoto ambaye mzazi wake hajatoa asinyimwe kikombe. Hilo nitalisimamia mwenyewe, kwa sababu mtoto hana korosho.

Nimemwomba mwenyekiti wetu mkutano uitwe Ijumaa baada ya Alasiri, na wajomba waitwe kwa majina, kama tunavyowaita kwa mambo ya unyago. Amekubali. Mpaka naandika barua hii kaya 41 zimeshajiandikisha, kila moja na idadi ya watoto na kilo zake. Orodha hiyo ataisoma mjukuu wangu mbele ya mkutano. Kila jioni tunafanya mazoezi. Majina yenye ng' bado yanamsumbua kidogo, tunayarudia.

Mzazi na mkulima,
Newala, Mtwara